Kidole cha Bi Subiri

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili jioni, Bi Subiri atauweka chini mkonga wa simu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi miwili katika chumba cha simu cha ofisi yetu ya maji, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Jina hilo halimo kwenye cheti chake. Alipewa na wateja, kwa sababu ndilo neno la kwanza walilosikia kila walipopiga.

Alianza kazi kama mpiga chapa, akapelekwa kwenye simu kwa wiki mbili kumshikia nafasi mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mwenzake hakurudi, na wiki mbili hizo ndizo tunazoziaga leo. Muda wote huo amepokea matusi ya mji mzima. Mabomba yakikauka, yeye ndiye aliyefunga maji. Yakipasuka, yeye ndiye aliyeyapasua. Bibi mmoja wa karibu na soko alimpigia kila Jumatatu kwa miaka tisa kumuuliza maji yatatoka lini. Maji yalipotoka aliendelea kupiga, maana walikuwa wameshazoeana.

Miaka sita iliyopita ofisi ilinunua mtambo mpya wa simu. Simu za vitufe vingi ziligawiwa kuanzia juu kwenda chini, zikaisha kabla ya kufika chumbani kwake. Akabaki na simu ya kawaida, ile ya zamani ya mezani, iliyochomekwa kwenye mtambo mpya. Haina kitufe cha kuhamisha mazungumzo wala kioo cha kuonyesha nani anapiga. Ili kumpeleka mteja kwa mhandisi, unabonya kidogo pale mkonga unapokalia, unasikia mlio wa kukatikakatika, unapiga namba ya ndani, kisha unaweka mkonga chini. Ukikawia kidogo tu kuachia, mteja amekatika. Ukiwahi mno, mtambo haukusikii. Kidole cha Bi Subiri kilijua kipimo hicho, na sisi wengine wote tulimwachia.

Miaka miwili iliyopita mumewe, dereva mstaafu, alipata kiharusi. Bi Subiri akaomba kustaafu mapema ili akamuuguze. Mkuu alikubali kwa sharti moja: apatikane wa kumrithi anayeiweza simu ile. Akaletwa mwandishi wa maneno haya, msomaji mita aliyekuwa ameshaumwa na mbwa mara tatu. Kila Ijumaa mkuu alikuja kumpima. Kila Ijumaa mteja alikatika. Bi Subiri alivaa tena miwani, akaketi, akaendelea na kazi, mpaka mwezi huu umri wake wa kustaafu ulipotimia wenyewe.

Hapa naomba niache kujificha nyuma ya huyo mwandishi. Nilijua kubonya tangu wiki ya tatu. Nilikuwa nakata makusudi. Niliogopa kubaki peke yangu na yale matusi, nikaona bora ayabebe aliyeyazoea. Nilijiambia ni mwezi mmoja tu.

Mzee wake alikuwa amebakiwa na maneno machache, nayo yalimjia mchana. Jioni mkewe akifika, alimkuta ameshachoka, kimya. Jirani aliyemlisha chakula cha mchana ndiye aliyeyasikia: aliuliza mke wake yuko wapi, alilitaja gari lake la kwanza, siku moja hata alicheka. Tangu Januari hasemi tena, mchana wala jioni.

Jumatatu nilimwambia Bi Subiri ukweli. Hakushangaa.

"Nilijua, mdogo wangu," alisema. "Kidole kisichojua hukosea kila siku kivyake. Chako kilikosea vilevile kila Ijumaa."

Nilimuuliza mbona hakunisema kwa mkuu. Akajibu kwamba ningefukuzwa, nami nina watoto. Alidhani ningechoka kuogopa mapema kidogo. Kisha simu ikalia, akaipokea.

Ofisi inamshukuru kwa utumishi uliotukuka, na zawadi atakabidhiwa na mkuu. Mimi sina zawadi inayolingana na nilichomnyima, kwa hiyo naomba msamaha hapa, mbele ya wafanyakazi wote.

Bi Subiri, tunakutakia mchana mwingi nyumbani, umeketi karibu naye, na tunamwomba Mungu mzee wako ajaliwe kukuambia japo neno moja. Simu nitapokea mimi.