Uzi wa Mzee Salem

Leo, tarehe 31 Desemba 2025, Mzee Salem Hamood anastaafu baada ya miaka kumi na miwili ya kuhakiki maoni ya wateja katika Soko la Kiganjani, jumuiya yetu ya wauzaji wa mtandaoni yenye ofisi hapa Buyenzi.

Alipoanza, kila mtu alisema lake. Shemeji alimsifu shemeji, na muuza viatu aliwapa nyota moja wauza viatu wenzake wote. Mzee Salem, aliyekulia dukani kwa babu yake, akaweka sheria moja: asiyepokea mzigo hana ruhusa ya kumsema muuzaji. Kila Jumatatu kila muuzaji alichagua rangi ya uzi wa kufungia mizigo yake, akamnong'oneza Mzee peke yake. Ukiandika maoni, anakupigia simu kukuuliza rangi. Usipoijua, maoni yanafutwa, nawe unaombewa dua njema kabla simu haijakatwa. Hata ya mkewe aliyafuta mara mbili. Chakula chake cha jioni siku hizo hatukukiulizia.

Kisha akaanza kuandika maoni Miza wa Gatumba. Simu hakupokea, alijibu kwa maandishi tu, na rangi hakukosea hata mara moja. Tatizo ni kwamba hakuna muuzaji aliyewahi kumuuzia. Siku moja alitaja rangi ambayo muuzaji mwenyewe alikuwa bado anaifikiria. Tulicheka ofisini, ila kicheko kilikuwa kifupi.

Mwezi wa tatu mwaka huu Miza aliandika juu ya Jovithe, muuza majiko ya gesi: "Musinunue kwake. Mipira ya gesi inapasuka." Jovithe alikuja ofisini mbio, maana ana watoto watano na duka ndilo shamba lake. "Mzee, uyu mama mi simujue," alisema. "Sijamuuzishaka kitu ata siku moja." Kwa sheria, maoni yale yalipaswa kufutwa siku ileile.

Mzee alichukua teksi hadi Gatumba, nami nikafuatana naye. Nyumba tuliyoelekezwa ilikuwa imezama katika mafuriko ya 2021. Tope lilikuwa limekauka hadi usawa wa dirisha, na mlango haukuwa umefunguliwa tangu hapo. Majirani walisema Miza alichukuliwa na maji. Tulichungulia ndani. Ukutani, kwenye msumari, zilining'inia nyuzi zetu za rangi zote, kavu na safi. Niliogopa, sioni haya kusema. Mzee alisoma Fatiha, akarudi mjini, akayaacha maoni mahali pake.

Jovithe alikaa wiki nzima bila mteja. Kwa hasira akaamua kukagua mipira yake mmoja mmoja, ili amuumbue Mzee mbele ya watu. Mipira kumi na saba ilikuwa na nyufa. Jovithe ndiye aliyetangulia kuchangia zawadi ya leo.

Mimi Joëlla, ninayerithi kiti, nimemuuliza mara nyingi: nani basi aruhusiwe kusema? Kila mara yeye hujibu kwamba sheria ni ileile, na kosa lake moja atalieleza kwa Mungu.

Mzee Salem, ahsante. Nenda kwa wajukuu wako Kigobe, na siku zako ziwe nyepesi na zenye heri. Jana tulifungua ukurasa wa maoni juu yako. Wa kwanza kuandika alikuwa Miza: nyota tano, na chini yake, "uzi wa kijani". Zawadi yako ilikuwa bado mezani kwangu, haijafungwa. Nikaenda sokoni kununua uzi wa kijani.