Bwana Subiri Kwanza, Mtunza Bustani wa Hospitali (1964–2023)

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mshonaji. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1978, baadaye akasomea bustani kwa miaka miwili. Alama zake zilikuwa za wastani, ila katika somo la wadudu aliongoza darasa.

Mwaka 1983 aliajiriwa na hospitali, na hakuhama tena. Kiangazi cha 1985 vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, walijaa kwenye mawaridi ya mbele ya wodi ya wazazi. Akapulizia dawa kila jani. Dawa iliua vidukari, ikaua pia wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaowala vidukari. Wiki tatu baadaye vidukari walirudi maradufu, na mawaridi yakafa. Tangu hapo alikung'uta kwanza tawi juu ya karatasi nyeupe, akahesabu walaji na waliwao, akaosha majani kwa maji matupu, kisha akasubiri wiki mbili. Mganga mkuu alimuuliza, "Bwana, unatunza bustani au unafuga wadudu?"

"Vyote, daktari. Subiri kwanza."

Jina likamganda.

Wifi yangu, mkewe, alikuwa dobi wa hapohapo. Walianza kwa ugomvi, kwani vidukari wa mti wa uani walidondosha utomvu unaonata juu ya mashuka yake. "Pulizia huo mti, la sivyo naukata mwenyewe!" Kaka hakupulizia, alihamisha kamba zote za kuanikia. Akasubiri miaka miwili ndipo akaposa. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989.

Januari mwaka huu alianza kukohoa damu. Kutoka banda lake la vifaa hadi mlango wa daktari ni hatua arobaini. Wifi alizihesabu na kumwambia. "Nipe wiki mbili, mama," alijibu. Zikapita nyingine, na nyingine. Aliingia wodini Septemba, tukaambiwa tumechelewa. Mimi dada yake nilimkasirikia, na hasira hiyo bado ninayo.

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 2023. Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na sisi ndugu zake watano.

Siku tatu kabla, aliniita nikae karibu na kitanda, akaniagiza niandike maneno haya na niyasome leo bila kupunguza:

"Mti nilikuwa naupa wiki mbili kwa sababu nimeshaugeuza kila jani. Mimi sikujikagua hata mara moja. Kama kuna mtu hapo anaumwa na anasubiri, asinisindikize kaburini. Aende hospitali sasa hivi, sitanuna."

Nimeyasoma. Anayehusika anaweza kuinuka, tutampisha njia.

Kaka, pumzika kwa amani.