Mama Gloriose Anaacha Chumba cha Kuamkia

Baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi, Mama Gloriose Nabintu anastaafu tarehe 28 Juni. Amechoka, na hafichi. Sisi tunaobaki tumechoka pia, kwa hiyo sherehe itakuwa fupi: soda, maandazi, kisha kila mtu arudi kwenye zamu yake.

Alianzia wodi ya uzazi, akahamia chumba cha kuamkia, wanakolazwa wagonjwa wakitoka kupasuliwa. Amevuka mafuriko, vita na umeme unaokatika, akipima tansio, yaani shinikizo la damu, kwa mkono mashine zinapozima. Ndugu za wagonjwa aliwafukuza bila huruma. Dada mmoja kutoka Katogota aliwahi kuingiza bugali na ndagala chini ya kitenge. Harufu ikamwamsha mgonjwa kabla dawa ya usingizi haijaisha, na Mama Gloriose akacheka hadi akakaa chini. Chakula alikitoa nje hata hivyo.

Mwaka juzi mume wake, Baba Marcellin, alipasuliwa ngiri hapa hospitalini kwetu. Ni mzee aliyepita miaka sabini, hakuwa amekula wala kunywa tangu jioni iliyotangulia, na joto lilikuwa kali. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, ambayo yenyewe hushusha tansio. Tena asubuhi hiyo alikuwa amemeza kidonge chake cha tansio, ingawa daktari alimwambia akiache siku hiyo. Alikimeza kwa sababu miaka yote mke wake alimkataza kukiruka. Hakuna aliyemuuliza, hata mkewe.

Alipoletwa chumbani, tansio ikaanza kuanguka. Akawa baridi, hajibu. Mama Gloriose alishika kipimo, akapima mara tatu bila kuandika namba. Mwenzake Achille akakichukua taratibu.

"Mama, leo weye uko bibi ya mgonjwa. Kaa inje, minye niko naye."

Akatoka. Alikaa kwenye benchi pamoja na ndugu za wagonjwa wengine, na hakuna aliyekwenda kumwambia lolote, maana ndivyo alivyotuzoeza mwenyewe. Ndani tulimwongezea mzee maji ya serumu mshipani, tukamwinua miguu. Daktari akahakikisha havuji damu, akampa dawa. Tansio ikapanda polepole. Tulipomwita Mama, aliingia akamgusa mumewe kuona kama amepata joto.

Kesho yake alirudi kazini. Tangu hapo yeye mwenyewe alimuuliza kila mzee aliyekuja kupasuliwa, kwa upole, amemeza kidonge gani asubuhi na amekunywa maji lini. Na hata miguu yake ikiwa imevimba, alitoka hadi kwenye benchi kuwapa ndugu habari.

"Ameamuka. Tansio iko chini kidogo, tuko tunaipandisha. Nitarudi kuwaambia."

Na alirudi.

Baba Marcellin yuko nyumbani Kalundu, mzima, anatengeneza viti. Tulimuuliza Mama atafanya nini kwanza. Alisema atalala.

Asante, Mama Gloriose. Ulale vizuri, na asubuhi asije mtu kukugongea mlango.