Ukuta Mlioupaka Sementi

Telesphor, zima hiyo simu. Jeniffer, kaa chini, hicho kigoda hakitachafua nguo yako. Theopista mkwe wangu, wewe njoo karibu na kichwa changu, maana hawa wawili nimewazaa lakini wewe ndiye unayenisikia sauti ikiwa ndogo. Padre ameshanipaka mafuta, kwa hiyo ninayosema leo sitayarudia, na msiseme kesho kwamba mama aliropoka kwa homa.

Nyumba hii aliijenga baba mkwe wangu, Mzee Ignasi, reli haijafika Mpanda, wakati Kawajense yote hii ni pori na watu wa mjini wanamcheka kwamba anawajengea fisi. Alifyatua matofali mabichi kwa udongo wa vichuguu, akapasua mninga kwa msumeno, akatengeneza milango ambayo mpaka leo haijapinda. Akamaliza, akajisifu mpaka anakufa. Lakini aliyeisimamisha ni mkewe, aliyeikandika upya kila mwaka mvua zikiisha. Siku nilipoletwa hapa bibi harusi, hata chumba cha kulala sijaonyeshwa, alinipa beseni la udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, akanipeleka ukuta wa mbele, nikapiga kiganja changu pembeni mwa chake. Theopista alipoolewa na mwanangu marehemu Zakayo, akapiga chake chini ya changu. Kila mwaka tulikandika ukuta wote tukiviacha viganja vile.

Mwaka juzi alipokuja yule bwana wa Mambo ya Kale na futi yake, alipima vyumba, akatazama milango, lakini mbele ya viganja alisimama mpaka chai yake ikapoa. Aliuliza kila kimoja ni cha nani. Akasema nyumba za namna hii zimebaki chache, inafaa ilindwe, atarudi na wakubwa zake. Habari zikawafikia nyie, ambao kwa miaka kumi na moja hamkujua hata kama bati linavuja, mkaja mbio kama mmeitiwa pilau.

Telesphor, ulisema wageni wa serikali hawawezi kukuta nyumba ya mavi. Ukaupiga sementi ukuta mzima, ukapaka rangi ya maziwa, ukabandika vigae barazani, tena vigae vya chooni! Na wewe Jeniffer, siku ya wageni ukamfungia Theopista jikoni, ukavaa kitenge kipya, ukawaambia kwamba mtunzaji wa nyumba ni wewe. Mtunzaji! Wewe uliyenikataza kukushika mkono kanisani siku ya ndoa yako, eti nanuka zizi. Wale wageni waligonga ukuta kwa vidole, wakatazamana, yule bwana akafunga daftari lake, na soda zenu hawakuzigusa. Mpaka leo mnasubiri barua. Mlifukia kitu walichofunga safari kuja kukiona, na mkatumia wiki nzima kukifukia. Nimefuga mbuzi wenye akili kuliko nyie.

Na sementi hiyo inaiua nyumba. Ukuta wa udongo unakunywa mvua na jua linaukausha, nyie mmeuziba pumzi. Theopista, bonyeza pale chini ya dirisha. Mnaona kidole kinavyozama? Masika mbili zijazo ukuta huo utalala chini.

Inaniuma, wala sitaficha. Na mimi nina kosa. Niliwapeleka shule nikaona fahari mikono yenu ikiwa safi, sikuwahi kuwaita hata siku moja mje mshike beseni.

Basi sikieni. Nyumba hii na uwanja wake ni vya Theopista. Usikohoe, Telesphor, mwenyekiti wa mtaa ameandika na mashahidi wametia dole gumba. Wewe chukua vigae vyako. Jeniffer, nakuachia beseni.

Nikifa, msinitoe humu mpaka... maji kidogo, Theopista... mpaka ukuta wa mbele umebanduliwa sementi yote. Viganja vyetu huenda vikatoka nayo. Vitoke. Theopista atakanda udongo mwingine, atapiga chake, na nyie mtapiga vyenu, wote wawili, mbele ya waombolezaji. Ndipo mnizike. Asiye na udongo wa ukuta mikononi asinitupie udongo kaburini.

Mungu awape akili kwanza. Afya baadaye... Nawabariki, hata nyie wawili, nimewabeba tumboni, sina namna. Leteni mikono niishike. Mh. Laini hivi, watu wazima.

Telesphor, kalete nyundo. Anza sasa. Nataka niisikie ikigonga... masikio yangu bado yapo.