Kofia za Kutumwa kwa Posta

Mama mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi mliokaa kule karibu na mlango ili mtoke mapema, hamjambo nyote. Nimeombwa nisimame niwaeleze wenzetu wapya, wanaoanza biashara ndogo ndogo, namna ya kutokata tamaa. Nilipoambiwa nilicheka. Mke wangu alicheka zaidi. Humu ukumbini hakuna aliyekata tamaa mara nyingi kama mimi. Kazi hiyo ingekuwa na cheti, ningekuwa nimekitundika ukutani.

Shule niliiacha darasa la sita, kwetu Kaloleni. Sikufukuzwa. Nilitaka tu kujua barabara inaishia wapi. Tangu hapo nimegema tembo, nimekata mkonge Kilifi, nimekokota chumvi huko juu ya Malindi, nimemwagilia bustani za hoteli, nimepaka mashua rangi. Kila kazi niliipenda mpaka siku niliyoielewa. Nikishaielewa, basi, naona kama nimefungiwa chumbani.

Mke wangu nilihama naye mara tano. Kila tulipofika yeye alipanda mpapai nyuma ya nyumba, na kila mpapai ulipofika kiunoni mimi nilikuwa nimekwisha funga mizigo. Mipapai mitano, ndugu zangu, na hatujaonja hata kipande. Waliokula ni wapangaji waliokuja nyuma yetu. Tulipohamia Malindi, mtaa wa Kisumu Ndogo, akapanda wa sita. Akaniambia, bila kugomba, kwamba huo atakula matunda yake, niwepo nisiwepo.

Sasa sikilizeni nilivyoingia katika hii biashara.

Nilikuwa natengeneza paa la mama mmoja kule mtaa wa Shella. Sitamtaja jina, mimi nitamwita Fundi, maana hakuna anayestahili jina hilo kuliko yeye. Watu wake walitoka visiwa vya kaskazini, na kila siku alikaa mlangoni mwake akishona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo ambazo mkiona mtu amevaa Ijumaa mnamgeukia. Mimi badala ya kupigilia makuti nikawa nachungulia kutoka juu na kuuliza. Kwa nini vitundu? Uzi gani huo? Nani ananunua?

Akasema, "Anayepita hapa mlangoni."

"Na asiyepita?"

"Asiyepita atanunuaje, mwanangu? Shuka, ama upigilie hayo makuti."

Lakini swali hilo lilinikaa. Jioni nilinunua vitumbua vilivyofungwa kwa gazeti kuukuu, na kama kawaida yangu nikala huku nikisoma karatasi. Pembeni palikuwa na tangazo la mtu wa mji mwingine aliyeuza saa kwa posta. Unamwandikia, unatuma pesa, saa inakuja. Muuzaji na mnunuzi hawaonani maisha yao yote. Nikasema, hii ndiyo kazi yangu. Mtu asiyetulia anaweza kuuzia nchi nzima akiwa amekaa kitako.

Anwani nilizitoa wapi? Redioni. Mnawajua wale wa kadi za salamu, mtu anasalimu watu ishirini na sanduku lake la posta likasomwa. Nikanunua daftari, nikakaa karibu na redio ya jirani, nikayaandika masanduku yao. Nikapanga sanduku langu. Nikawaandikia thelathini: Ndugu mpendwa, natumai u mzima, mimi nauza kofia za mkono kutoka Malindi. Kata uzi, uzungushe kichwani juu ya masikio, uutie ndani ya bahasha, nami nitakutumia kofia ya kichwa chako hasa.

Nikaanza kwenda posta. Asubuhi nakwenda, mchana nakwenda. Wiki tatu hamna kitu. Karani pale dirishani akawa ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. Siku moja akaniita. "Bwana, sanduku lako limeingia buibui. Mpe kofia, pengine atanunua." Mtaani wakanibandika jina la Bwana Barua. Nikipita, mtu anauliza, "Bwana Barua, wamejibu?" na wenzake wanaangalia pembeni wasicheke mbele yangu.

Kisha majibu yakaja. Barua tisa kwa siku moja. Nilikimbia nazo nyumbani nikamwita mke wangu tuzifungue pamoja. Ya kwanza: Barua yako nimeipata na nimefurahi sana, huku mvua zinanyesha, mimi nina watoto wanne, je wewe una wangapi? Ya pili: picha ya mtu ameegemea redio yake, na nyuma ameandika ukumbusho mwema. Ya tatu ilitaka nisalimie Malindi yote, kana kwamba nina kipaza sauti. Tisa zote, ndugu zangu. Hakuna hata moja iliyotaja kofia.

Nikasema, "Nimefungua biashara ama nimefungua baraza?"

Mke wangu akasema, "Wajibu."

"Niwajibu nini? Hawakuagiza kitu."

"Wamekuandikia. Mtu akikusalimu unamjibu. Wewe ulilelewa wapi?"

Nikawajibu kwa hasira, nawaambieni ukweli. Nikaeleza mvua za kwetu na idadi ya watoto wangu, na chini kabisa nikauliza: na kichwa chako, je? Hivyo hivyo kwa miezi. Stempu, bahasha, salamu. Mwishowe nyuzi zikaanza kuja, moja moja, mpaka zikafika saba. Nikazipeleka Shella nikiwa natembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Fundi alizipima nyuzi, akashona, na kofia ya kwanza ilipokwisha nikaipima kwa uzi wa mwenyewe. Imezidi upana wa kidole. Nikamwambia, "Bibi, hii kubwa. Mteja ametuma kipimo chake, tufuate kipimo." Akaniangalia. Akasema kofia ikitoka sindanoni bado haijawa kofia. Ifuliwe, itiwe uwanga wa kuikaza, ivishwe kopo mpaka ikauke, ndipo ipimwe. Mimi nilikuwa na haraka. Nikasema, "Wewe zishone sawa na uzi. Kufua niachie mimi."

Sikuzifua. Nilidhani macho ya bibi yamechoka. Tena nilitaka zifike zikiwa na ule upya wa dukani. Nikazifunga nikazituma.

Mwezi haukwisha, barua zikaja, na safari hii zilikuwa za kofia tupu, hakuna salamu. Mmoja aliandika kwamba baada ya kuifua imemkaa utosini kama kisahani cha kahawa, na mkewe amecheka mpaka akakaa chini. Mwingine alinishukuru: sasa anaivaa mwanawe wa darasa la pili, na inampendeza. Wa tatu hakuandika neno. Alinirudishia kofia imefuliwa, na juu yake ameuzungusha uzi mwingine wa kichwa chake, sawa kabisa na ule wa kwanza, ili nione kwamba hakunidanganya. Kofia ilipita ndani ya uzi ule kama kidole ndani ya bangili. Hiyo ndiyo iliyonichoma.

Niligomba nyumba nzima. Nikasema watu wa bara hawajui kupima vichwa vyao wenyewe. Nikasema posta ina unyevu, uzi una hila, biashara ya kutoonana ni ya wajinga. Nikachukua mkoba. Nilikuwa nimesikia kuna kazi ya reli Voi.

Mke wangu alikuwa uani anafua. Akasema, "Nenda. Mimi safari hii sihami. Mpapai umeshatoa maua."

"Nikipata nyumba huko, je?"

"Panda mwenyewe."

Akaendelea kukamua kanga. Hakulia, hakunishika mkono. Nikajua kwamba nikifika stendi ya basi na mkoba ule, nimemwacha.

Lakini nilitoka. Nilipitia Shella kumuaga Fundi, maana kuondoka bila kuaga niliona ni haya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mkoba wa nini?"

Nikamweleza, nikampa ile kofia yenye uzi. Akaigeuza ndani, akaipitisha kidole ukingoni. Akauliza, "Zile kofia ulizifua?"

"Mteja amefua, ndipo ikanywea."

"Sikumuuliza mteja."

Kulikuwa na kuku anachakura pale barazani, nikamwangalia kuku.

Akasema, "Kitambaa cha bafta hakijaonja maji, utajuaje ukubwa wake? Kile kidole nilichokizidisha kilikuwa cha maji. Ukaniambia nikikate, nikakikata, nikijua utafua, utaona, utarudi tusahihishe. Hukurudi."

"Nilidhani umekosea, bibi."

"Najua ulivyodhani. Mimi si kipofu." Akavuta kitambaa kutoka kikapuni, kimechorwa tayari kwa penseli, akaniwekea magotini. "Wewe unauza kitu usichokijua. Keti ushone moja. Mpaka mwisho. Ukimaliza, nenda Voi, nenda unakotaka, mimi nitakuombea safari njema."

Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema, "Mimi wiki mbili. Wewe Mungu ndiye ajuaye."

Ndugu zangu, hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka, na msidhani nilihisi kitu kitakatifu. Nilihisi sindano imeingia chini ya ukucha. Nilikaa kwa sababu ya udadisi tu: nilitaka kuona kitambaa kinanyweaje.

Miezi mitano. Wanaume wa mtaa walipita wakaniuliza nitaolewa lini. Nilifumua upande mmoja mara tatu. Kuna siku niliitupa ile kofia kwenye mchanga, nikatembea mpaka sokoni, nikarudi, nikaikung'uta. Kila siku nilitaka kuacha, na kila siku Fundi alisema vile vile, "Acha kesho. Leo maliza mstari huo." Kesho yake alisema hivyo tena. Nilimkasirikia sana. Lakini mistari ikaongezeka.

Jioni ya kwanza nilirudi na mkoba nikauweka mlangoni, na kila jioni nikirudi ulikuwa pale pale. Mke wangu hakuufungua wala hakuusogeza. Alikuwa anaufagilia kandokando.

Katika miezi ile niliacha kukimbilia posta. Nilikwenda Jumatatu na Alhamisi basi. Nikawaandikia wale saba ukweli: kosa ni langu, sikufua, tafadhali nirudishieni ama msubiri nyingine. Fundi akashona upya, na mara hii nilifua mimi, nikatia uwanga mimi, nikavisha makopo nikayapanga juani kama vichwa vya darasa zima. Nikapima mwishoni.

Yule aliyerudisha kofia bila neno alijibu wa kwanza. Imekaa sawa, akaandika, na uzi huu ni wa kaka yangu. Kisha Jumapili moja jirani akaniita mbio, redioni mtu huyo anasoma salamu zake, na baada ya shemeji na wajomba zake wote akamsalimu "fundi wa kofia wa Malindi". Wale watu wa salamu niliowaona wananipotezea stempu ndio waliopitisha habari. Yule wa picha ya redio ameagiza mara nne. Bado haniandikii bila kuniuliza hali ya watoto.

Kofia yangu niliimaliza siku mke wangu alipoangua papai la kwanza. Nilifika nyumbani nimeivaa, nikakuta limekatwa, kipande changu kimewekwa kwenye sahani. Mkoba haukuwapo mlangoni. Alikuwa amehifadhi viazi ndani yake.

Namshukuru Fundi, ambaye leo amekataa kuja kwa sababu ana kazi. Namshukuru mke wangu, ambaye yupo na anataka nikae chini. Namshukuru karani wa posta kwa kunicheka, na mtu wa ule uzi, ambaye sijawahi kumwona.

Nyinyi mnaoanza, moyo wa kuendelea msiungoje sandukuni. Hauji kwa posta. Mimi mpaka leo sina moyo huo mnaousema. Naamka na mguu mmoja uko Voi. Nina mstari wa leo tu, naumaliza. Na mjue mnachouza kwa mikono yenu, kabla hamjamlaumu mteja kichwa chake.

Hii hapa niliyovaa ndiyo ile. Ni kitu cha kwanza nilichowahi kukimaliza tangu nizaliwe. Upande huu umepinda, na Fundi amekataza nisiseme kwamba ni yeye aliyenifundisha. Naivua, ipitisheni mikononi, muone vitundu vyake. Anayetaka kuijaribu aijaribu.

Lakini ifike mpaka kule mlangoni, kisha mnirejeshee.