Paka Aliyebeba Maswali ya Mzee Andongwisye

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti. Aliye jikoni apunguze moto, na mwenye redio ndogo aiweke dirishani ishike vizuri. Leo tunamkumbuka Mzee Andongwisye wa Masoko, hapa hapa Rungwe. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba. Alikuwa pia mwimbaji wa besi kanisani, ingawa wenzake wanasema alipewa besi kwa sababu sauti nyingine zote zilimkataa. Amefariki akiwa na miaka sabini na minne. Tumemzika wiki mbili zilizopita.

Tutamkumbuka kupitia kwa mtu mmoja. Mtu huyo ni Prisca, mke wa mwanawe Boniface. Prisca ameishi kiwanja kimoja na Mzee Andongwisye kwa miaka kumi na tisa. Na katika miaka hiyo kumi na tisa, hakuwahi kumtazama usoni.

Wenzangu wa Rungwe mnaelewa. Kwa wageni, nieleze. Kwa mila ya zamani ya Wanyakyusa, mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsalimii, jina lake halitaji. Mzee akitokea njiani, mkamwana anaingia migombani. Siku hizi wengi wameacha. Wengine wanapiga na picha pamoja, wamekumbatiana. Lakini Mzee Andongwisye aliishika mila yake kama alivyoishika besi yake, hata pale ilipomchosha kila mtu.

Basi walizungumzaje? Kwa paka.

Nyumba zao zilipeana migongo, na katikati palikuwa na ukuta wa jiko. Paka alilala juu ya ukuta huo. Mzee alimwita Diwani. Alisema, "Kazi yake ni kubeba maneno ya wananchi, na yeye mwenyewe hafanyi lolote." Mzee akitaka kitu, alimwambia paka kwa sauti. "Diwani, mwambie mwenye nyumba chumvi imeisha huku." Na Prisca, upande wake, alimjibu paka. "Diwani, mpelekee, na umwambie daktari alimkataza chumvi nyingi."

Boniface aliwahi kuwashauri wapigiane simu. Mzee akakataa. "Simu ni mdomo wa kuazima," alisema. "Paka ni wa kwangu."

Wasikilizaji wapendwa, mzee alikuwa na kisukari. Na Prisca alikuwa na jeraha lake la moyoni. Prisca ni mzaliwa wa Kyimo, binti wa mchuma chai. Mama yake aliugua ghafla akiwa shambani. Walipomfikisha hospitali, mganga aliuliza mama amekuwa akinywa dawa gani. Ndugu wakatazamana. Mmoja akajibu, "Vidonge vyeupe." Mganga akauliza, vyeupe vipi? Hakuna aliyejua. Mama alifariki jioni ile, na jina la dawa halikujulikana. Tangu siku hiyo, Prisca hakumeza wala hakumpa mtu kidonge bila kujua kinaitwaje na kinafanya kazi gani.

Kwa hiyo zaidi ya miaka mitatu iliyopita, mzee aliporudi kutoka mnadani na chupa ya dawa, Diwani alipata kazi.

"Diwani, muulize babu hiyo chupa imeandikwa nini."

"Mwambie imeandikwa kwamba inamaliza sukari."

"Muulize jina la aliyeitengeneza. Na tarehe ya kuisha."

 Chupa inageuzwa huko upande wa pili. "Mwambie hivyo havipo. Lakini aliyeniuzia alivaa koti jeupe."

"Diwani, mwambie hata muuza nyama huvaa koti jeupe."

Prisca anasema mzee alicheka mpaka akakohoa. Alicheka, lakini aliinywa. Na kwa kuinywa, aliacha vidonge vyake vya hospitali, kwa sababu muuzaji alimwambia viwili havichanganywi. Hilo hakumwambia paka.

Sasa sikilizeni vizuri. Kisukari kikiachwa, miguu huumia na mtu hasikii. Mzee alipata kidonda kidoleni. Nani angekiona? Mke wake alikwisha kutangulia. Boniface alitoka alfajiri kwenda kazini kiwanda cha chai. Na Prisca, aliyekuwa nyumbani kutwa, mila ilimkataza kutazama miguu ya mkwe wake. Kidonda kilikaa hatua kumi kutoka kwa mtu pekee ambaye angekijua, na hakukiona.

Alichokiona ni nyayo.

Mnajua mvua ya kwetu. Udongo wa Masoko unaandika kila anayepita. Asubuhi moja Prisca alikuwa akifagia uwanja, akaona nyayo za mzee zikielekea kwenye kahawa. Mguu wa kulia ulikanyaga wote. Mguu wa kushoto ulikanyaga kisigino tu. Vidole havikuwepo. Kesho yake, hivyo hivyo. Siku ya tatu akausogelea ukuta.

"Diwani, muulize babu kwa nini mguu wa kushoto hauweki vidole chini."

 Mzee akasema, polepole, "Mwambie ameona vizuri."

Siku hiyo hiyo wakampeleka hospitali. Prisca alitangulia kumwandikisha. Karani akamuuliza jina la mgonjwa.  Jina la baba mkwe halitajwi.

"Ni baba wa mume wangu," akasema.

"Hilo ni jina la kwanza au la ukoo?" karani akauliza.

Foleni nzima ikacheka, mpaka Boniface alipofika mbio na kulitaja jina mwenyewe.

Daktari aliufungua mguu, akauangalia, akawaita watoto nje. Kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Ilibidi kukata. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu kaka mkubwa, Lutufyo, alikuwa amefika kutoka Mbeya, na alikuwa na neno lake.

"Mzee asiambiwe," Lutufyo alisema. "Atavunjika moyo, atakufa kabla ya kisu. Tumwambie anasafishwa kidonda. Sisi tutasaini."

Boniface akatazama chini. Mkubwa amesema.

Prisca alikuwa amesimama nyuma yao. Akasema, "Shemeji, kwa hiyo aamke aanze kuutafuta mguu wake kwenye shuka?"

"Mkamwana ajue mipaka yake," Lutufyo akajibu.

Msimlaumu sana Lutufyo. Wengi wetu tumefanya hivyo kwa wazazi wetu, tukaita upendo. Lakini huko wodini, mzee alikuwa na masikio. Alisikia watu wakinong'ona, akajua ananong'onwa yeye. Akamwita muuguzi. "Niitie mkamwana wangu," akasema. "Yule akisema dawa ni chungu, huwa ni chungu kweli."

Prisca akaja. Akasimama nyuma ya pazia la kitanda, kama mila inavyotaka. Akatazama huku na huku. Diwani alikuwa Masoko, amelala juu ya ukuta.

Muuguzi yule anaitwa Veronika, na anaikumbuka siku ile. Ametuambia hivi: "Mama yule alinishika mkono, akaniomba nisimame katikati nipeleke maneno. Nikamwambia, mimi nimesomea uuguzi miaka mitatu, leo nimekuwa paka?"

Lakini alikubali. Na daktari, ambaye tangu mwanzo alisema mgonjwa mwenye akili timamu anajisainia mwenyewe, akasogea karibu ili maswali yajibiwe.

"Dada, muulize daktari," alisema Prisca nyuma ya pazia, "ugonjwa wa babu umefika wapi, na babu asikie."

Daktari akaeleza. Akamwambia mzee waziwazi kwamba mguu unaoza.

"Muulize njia ziko ngapi."

Ziko tatu, daktari akasema. Wanaweza kukata vidole, wasafishe, wangoje. Lakini damu haifiki vizuri kwenye wayo, na huenda wakarudi kukata tena, na mara ya pili mwili utakuwa umechoka. Wanaweza kukata chini ya goti mara moja. Hiyo nayo ni kubwa, ina hatari zake, lakini pale damu inafika na kidonda kina nafasi nzuri ya kupona. Au asikatwe, arudi nyumbani na dawa. Hapo sumu ya kidonda itaingia kwenye damu, na siku zitakuwa chache.

Lutufyo alitoka nje. Hakuweza kusikiliza.

Pazia likatulia. Prisca anasema hakuwahi kuogopa kimya kama alivyoogopa kile. Alijiuliza kama ndiye aliyemuua mzee kwa maswali yake. Hakuona uso. Aliona tu kivuli cha kichwa kwenye kitambaa, nacho hakikutikisika.

Kisha besi ikatoka.

"Binti muuguzi, muulize daktari: nikikatwa, nitapalilia kahawa?"

"Ukiwa umekaa kwenye kigoda, ndiyo," daktari akajibu.

"Kanisani?"

"Kwa magongo."

"Na nani atakayeniosha kidonda? Mkamwana haruhusiwi."

Hapo palihitaji mtu mwingine. Boniface, ambaye kutwa nzima alikuwa akitazama sakafu, akainua kichwa. "Ni mimi, baba. Kila siku kabla ya kazi."

"Basi kateni chini ya goti," mzee akasema. "Na mguu wenyewe mnipe. Ukazikwe migombani kwangu, unitangulie kunishikia nafasi."

Akasaini mwenyewe. Herufi kubwa, zilizolala upande.

Wasikilizaji wapendwa, mzee alipata miaka mitatu. Narudia: miaka mitatu. Alipalilia kahawa akiwa kwenye kigoda. Alirudi kwenye besi. Vidonge vyake vya sukari alivijua kwa majina, na mtu yeyote aliyeumwa kichwa Masoko alijuta kupita mbele yake. "Umepewa nini? Kinaitwaje? Usipokimeza itakuwaje? Hujui? Rudi ukaulize, wamekupa dawa au wamekupa karanga?" Mwaka jana Lutufyo mwenyewe aliambiwa anahitaji kupasuliwa. Kabla ya kujibu, alipiga simu Masoko. Hakumwomba baba yake. Alisema, "Boniface, nipe mkeo aniambie niulize nini."

Na mzee alikuwa na jambo moja moyoni. Katika ukoo wao, baba mkwe anaweza kuifungua ile mila. Humpa mkamwana ng'ombe, na kuanzia siku hiyo wanatazamana na kuzungumza. Wiki chache baada ya kutoka hospitali, mzee alilitamka ukutani.

"Diwani, mwambie hivi. Siku nitakayotembea kwa magongo mpaka mlangoni kwake, nizunguke nyumba mwenyewe bila kushikwa, nitampelekea mtamba. Tumalize habari ya kujificha."

Prisca akamjibu paka, "Mwambie ndaga fijo, asante sana. Nitangoja."

Hatua kumi kwa ukuta, lakini kwa kuzunguka ni mteremko, tena utelezi. Kwa mguu mmoja ni safari. Prisca alimsikia akijaribu. Ko, ko. Anafika kwenye mgomba wa kwanza, anarudi. Ko, ko. Mwaka mzima. Miaka miwili. Anasema alianza kuupenda mlio ule. Akiwa anapepeta mahindi, anasikia magongo, anatabasamu peke yake kama msichana.

Jumanne moja, wiki mbili na siku chache zilizopita, Prisca alikwenda Tukuyu sokoni kuuza ndizi. Aliporudi, mtamba mweusi mwenye doa jeupe alikuwa amefungwa mlangoni kwake. Chini, kwenye tope, palikuwa na maandishi. Wayo mmoja wa kulia, vidole vyote vitano. Tundu la gongo huku, tundu la gongo kule. Na kwato za mtamba pembeni. Nyayo zilifika mpaka kizingitini. Kisha za mtu zikarudi. Za mtamba hazikurudi.

Jirani yao Esnath alimwona. Anasema mzee alisimama pale mlangoni muda, jasho linamtoka, anacheka. Akagonga. Alipoona hakuna mtu, akamwambia paka, "Diwani, mwambie nimefika. Kesho asiondoke. Nina swali moja nataka kumuuliza nikimtazama."

Prisca alivaa kitenge chake kizuri asubuhi ya Jumatano, akakaa mlangoni. Akasubiri magongo. Boniface ndiye aliyekwenda kumwamsha baba yake, akamkuta amekwisha kulala usingizi wa mwisho. Moyo tu, ulikuwa umechoka.

Swali lilikuwa lipi? Hakuna ajuaye. Prisca anasema akiwa jikoni bado anamuuliza paka. Diwani anapiga miayo.

Siku ya mazishi wazee wa ukoo walimwambia, mtamba umepokea, ruhusa unayo, mtazame. Akamtazama. Anasema alishangaa jambo moja tu, kwamba uso ule alikuwa akiujua. Ni uso wa mtoto mdogo wa Prisca mwenyewe, nyusi zile zile. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiunawisha kila asubuhi.

Amezikwa migombani, pale mguu wake ulipotangulia kushika nafasi.

Pole Boniface. Pole kaka Lutufyo. Pole Prisca, na poleni wajukuu, waimbaji wenzake na wote wa Masoko. Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, kuna karatasi ya dawa kwenye mkoba wako hujaisoma. Kuna mzazi umemficha ugonjwa wake mwenyewe, unangoja siku nzuri ya kumwambia. Kuna swali ulilolimeza mbele ya daktari kwa kuona haya. Lifikirie usiku huu. Kesho uende ukaulize, hata kama itabidi umtume paka.

Nyayo zile za mlangoni zipo bado. Prisca alizifunika kwa beseni la bati, mvua isizifute. Watoto wakitaka beseni la kufulia, wanaambiwa waazime kwa Esnath. Nasikia huko Masoko mvua imeanza sasa hivi, na matone yanagonga juu ya bati lile. Ko, ko. Ko, ko.