Muhogo wa Usiku

Ndani ya taksi-basi iendayo Iga Barrière, mpiga picha mmoja alimwonyesha mama aliyekaa pembeni yake picha ya bendi kwenye simu: giza totoro, mwimbaji anang'aa. Ni ya maonyesho ya Ulaya, alisema, kuhusu usiku wa Bunia.

"Huyu mwimbaji ni miye," mama akamjibu. Mama hakuwa amevaa wigi la kwenye picha, na mpiga picha hakuwa amemtambua. "Usiku gani? Couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, inatufungia kwa nyumba, siye tunaimbaka saa nane ya muchana!"

"Wazungu banataka usiku, dada. Niliongeza giza kidogo."

Alisema hivyo kama anayezungumzia chumvi.

"Usiku balitukataza, weye unaiuzisha! Na ule mama wa kwa picha, nyuma yetu kwa dirisha, na muhogo wake? Nani anaanikaka muhogo usiku?"

Gari likasimama. Mpiga picha akashuka ameinamia simu, akimfuta kwenye picha yule mama wa dirishani pamoja na muhogo wake.